Mali bila daftari: Safari ya data za Kiswahili na funzo lake kwa watafiti wa leo

Waswahili ni watu wa biashara tangu jadi, na baadhi ya methali zao zimenukia duka na bandari. Mojawapo inasema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Shuleni tumeifunza methali hii kana kwamba inahusu pesa peke yake. Katika makala ya leo ningependa kuonyesha kwamba inaihusu pia lugha yenyewe. Kiswahili kina mali ya maneno, tungo, hadithi na sauti ambayo imekuwa ikikusanywa na watafiti kwa takribani miaka 180 sasa, tangu Ludwig Krapf alipotia nanga Mombasa mwaka 1844. Mali hiyo imevuka bahari, imetumiwa na wasomi wa mataifa mbalimbali, na hivi leo inaingizwa katika mashine zinazojifunza kuongea kama sisi. Swali ni je, daftari lake liko wapi?

Tunaposema data za lugha, tunamaanisha kila kitu ambacho mtafiti hukikusanya kabla hajaandika makala wala kamusi: hati za mkono, orodha za maneno, kanda za sauti, majibu ya hojaji, matini zilizohifadhiwa kwenye kompyuta. Data huria ni zile ambazo mtu mwingine, popote alipo, anaruhusiwa kuzichukua na kuzitumia kwa kazi yake, pengine kwa jambo ambalo mkusanyaji wa kwanza hakulifikiria hata kidogo.

Wenzetu wa sayansi wamelijadili suala hili kwa muda mrefu. Katika Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, 1957 hadi 1958, Marekani na Muungano wa Kisovieti, mahasimu wakubwa wa enzi hizo, zilikubali kuweka vipimo vya dunia katika vituo vya data vinavyoweza kutumiwa na wote. Mwaka 1996, wanasayansi waliokuwa wakichunguza jenomu ya binadamu walikutana Bermuda wakaafikiana kuwa matokeo yao ya kila siku yatawekwa wazi ndani ya saa 24. Mwaka 2016 zikachapishwa kanuni nne ambazo siku hizi kila mfadhili wa utafiti huzitaja: data zipatikane, zifikike, zioane na data nyingine, na ziweze kutumika tena.

Sisi wa lugha na fasihi tumezoea kuyatazama mambo haya kama ya watu wa maabara. Eti yanatuhusu nini? Kwa hakika yanatuhusu sana, maana kutumia tena data zilizokusanywa na wengine ni jambo ambalo taaluma ya Kiswahili imelifanya tangu mwanzo wake. Hebu tutazame mifano michache.

Tuanzie Mombasa. Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, aliyeishi baina ya 1776 na 1840 hivi, hakuacha diwani iliyochapishwa. Tungo zake zilibaki vinywani na mikononi mwa watu wa Mvita. Katika miaka ya 1880, zaidi ya miaka 40 baada ya kifo cha mshairi huyo, msomi wa papo hapo Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, alizikusanya tungo hizo na kuzifafanua. Aliyeshirikiana naye alikuwa mmishonari Mwingereza, William Ernest Taylor, yule yule aliyechapisha mkusanyiko wa methali za Kiswahili mwaka 1891. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Karatasi za Taylor zikaishia London, katika maktaba ya chuo tunachokijua leo kwa jina la SOAS.

Sasa itazame safari ya karatasi hizo. Mwaka 1940 William Hichens alichapisha diwani ya Muyaka, na mchapishaji alikuwa Chuo Kikuu cha Witwatersrand kule Johannesburg. Mwaka 1979, Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi akachapisha hapa Kenya kitabu chake kuhusu Muyaka na ushairi wa watu wa karne ya kumi na tisa, akizirejelea hati zile zile na kuzisoma upya kwa jicho la mwanaisimu na mjuzi wa Kimvita. Yaani tungo zilizotoka Mvita zilipitia London na Johannesburg kabla ya kurudi kwa msomaji wa Nairobi, na mzunguko huo ulichukua karibu miaka 100.

Kwa nini hati hizo ziliweza kutumika tena baada ya muda wote huo? Kuhifadhiwa kwake vizuri kulisaidia, lakini si sababu pekee. Tungo nyingi za Muyaka zilizungumzia siasa za wakati wake, ushindani wa Mombasa ya Wamazrui na Zanzibar ya Seyyid Said, pamoja na majibizano na washairi wengine. Shairi kama hilo ukilisoma bila kujua lilimlenga nani, linageuka kuwa fumbo lisilo na mfumbuzi. Kilichoziokoa ni maelezo. Kuna mtu wa Mvita aliyejua maana ya maneno, aliyejua nani alimjibu nani na kwa tukio gani, na ujuzi huo ukaandikwa sambamba na tungo. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba Mwalimu Sikujua alitengeneza data pamoja na maelezo ya data. Alichoandika ndicho daftari la mali ile.

Hata hivyo, tazama nani alibaki na jina. Kwenye jalada la 1940 kuna Muyaka na kuna Hichens. Sikujua hayumo. Wanafunzi wengi wa fasihi niliowafunza waliweza kumtaja Taylor na Hichens bila kusita, lakini jina la mwalimu wa Kimombasa aliyeifanya kazi ngumu kuliko zote likawa geni masikioni mwao.

Mfano wa pili unatoka Bagamoyo. Carl Velten alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1887. Mwaka 1903 alichapisha Desturi za Wasuaheli, kitabu ambacho hadi leo hakuna mtafiti wa utamaduni wa pwani anayeweza kukikwepa. Humo mna habari za kuzaliwa, kutiwa jandoni, ndoa, mazishi, kilimo, ngoma na mashtaka. Lakini habari hizo ziliandikwa na Waswahili wenyewe, na sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha lugha yake na akaja kufia huko mwaka 1927. Kitabu kilitoka kwa jina la Velten. Tafsiri ya Kiingereza aliyoiandaa J. W. T. Allen ilipochapishwa California mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro likawekwa mbele ya kazi yake. Hesabu mwenyewe: miaka 78.

Nani angethubutu kusema kwamba data hizi zingekuwa bora zaidi kama zingefichwa? Matini za Mtoro zimewafaa wanahistoria, wanasheria, wanaanthropolojia na wanaisimu wa mabara kadhaa. Kosa ni kwamba anayechangia na anayechapisha hawakuwekwa kwenye mizani moja. Tofauti hii ni muhimu, kwa sababu wengi wetu tunapokasirikia yaliyopita tunaulaani ushirikiano wenyewe, ilhali tunachopaswa kulaani ni masharti yake.

Ushirikiano wa aina nyingine ulianza tarehe 1 Januari 1930, wakati Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilipounda Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Kamati hii ilikuwa chombo cha serikali za kikoloni, na hadi miaka ya 1940 Waafrika walikuwa bado hawajaanza kuketi kama wanakamati. Makao yake yalihamahama: Dar es Salaam, Nairobi, Makerere, Mombasa, kisha tena Dar es Salaam, ambako mwaka 1964 ikaingizwa chuo kikuu na kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI. Pamoja na dosari zake zote, kamati ile iliziunganisha nchi nne katika kukusanya msamiati, kulinganisha na kuhariri. Kamusi za Frederick Johnson za mwaka 1939 ni tunda lake. Kamusi hizo ziliegemea za Madan, naye Madan alikuwa amefaidika na kazi ya Krapf. Kila mmoja alijenga juu ya data za mwenzake.

Lakini mlolongo wa namna hii una hatari yake. Mkusanyaji wa kwanza akiandika kwamba neno fulani ni la Kimvita, au la Kiamu, au alilisikia kwa mabaharia tu, wanaomfuata wanaweza kumwuliza na kumsahihisha. Asipoandika, neno hurithiwa likiwa halina kwao. Ndiyo maana kamusi zetu zina maneno yanayokaa pale kizazi baada ya kizazi, na ukimwuliza mzee wa pwani anakutazama kwa mshangao. Data zilizoshirikiwa bila asili yake huyapa makosa nayo maisha marefu.

Katika miaka ya 1960 lilitokea jambo ambalo naona hatulipi uzito unaostahili. Huyu huyu Allen niliyemtaja alikusanya hati na kanda za Kiswahili na Kiarabu kwa niaba ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Mwaka 1970 katalogi ya mkusanyiko huo ilichapishwa Leiden, Uholanzi. Safari hii mali ilibaki Afrika Mashariki na kilichosafiri ni daftari. Mtafiti wa Hamburg au Chicago aliyeisoma katalogi ile alijua kilichomo Dar, na ikambidi afunge safari aje kwetu, asalimie, aombe ruhusa, akae na wenyeji. Ukilinganisha na enzi za Taylor, utaona kwamba mwelekeo wa msafara ulikuwa umegeuka.

Ushirikiano ukaendelea. Kuanzia miaka ya 1980, Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alianza kuunda mfumo wa kompyuta wa kuchanganua sarufi ya Kiswahili, na wakati huo huo watafiti wa Helsinki na wa Dar es Salaam walirekodi lahaja na fasihi simulizi za pwani ya Tanzania. Kutokana na juhudi hizo lilizaliwa Kongoo la Kiswahili la Helsinki, au kopasi kama wengine wanavyoliita. Toleo la kwanza lilikuwa na maneno zaidi ya milioni 12, na la pili takribani milioni 25. Mwaka 1994, katika Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani, kamusi ya Kiswahili ya kwenye mtandao ilianzishwa ambapo watumiaji wa popote walialikwa kuchangia maneno. Mwanafunzi wa uzamili aliyeko Eldoret sasa anaweza kuchunguza matumizi ya kiunganishi kimoja katika mamilioni ya maneno bila kupanda ndege. Sisi tuliosoma zamani, tukiandika mifano kwenye vikadi na kuvifunga kwa mpira, tunaijua thamani ya jambo hilo.

Sasa tumefika kwenye zama za sauti na akili unde. Mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, ulioanza mwaka 2017, huwaalika watu wa kawaida kusoma sentensi kwa sauti na kuzitoa sadaka ili yeyote azitumie kuifunza mashine kusikia lugha. Kiswahili nacho kimeingia humo. Leseni yake ni ile inayoachilia haki zote: mtumiaji, awe mwanafunzi au kampuni tajiri, hana wajibu wa kulipa, wala hata wa kutaja alikoitoa data. Hapa nyumbani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Africa Nazarene walikusanya kongoo liitwalo Kencorpus, lenye Kiswahili, Kidholuo na lahaja tatu za Kiluhya: maneno zaidi ya milioni 5 ya maandishi na saa 177 za sauti. Nao wameliweka wazi kwa watafiti wengine. Vijana wa Masakhane, mtandao wa watafiti wa bara zima, wameunda data za lugha kadhaa za Kiafrika, Kiswahili na Kidholuo zikiwemo, na hushirikiana bila kungoja kuitwa Ulaya.

Jambo moja katika miradi hii linanifurahisha kama mtu wa lahaja. Katika Common Voice, mzungumzaji wa Kiswahili amepewa nafasi ya kutaja lahaja anayoizungumza. Laiti nafasi hiyo isingekuwepo, sauti ya mtu wa Siyu, wa Pemba na wa Kitale zingetiwa kapu moja kwa jina la Kiswahili, kisha mashine ikajifunza kwamba aliye wachache amekosea kutamka. Hapo tunarudi kwa Mwalimu Sikujua. Asili ikiandikwa, data husema kweli. Isipoandikwa, wingi wa data hautusaidii.

Wapo wenzangu wanaosema: tumeibiwa vya kutosha, tufunge mlango. Ninaielewa hasira hiyo. Ni wazi kwamba sauti ya mtu ni mali yake, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imetupa Wakenya nguvu ya kudai ridhaa kabla sauti hiyo haijatumiwa. Aidha, watetezi wa haki za jamii asilia walizitoa mwaka 2019 kanuni nyingine nne za kukamilisha zile za 2016: manufaa ya pamoja, mamlaka ya jamii juu ya data zake, uwajibikaji na maadili. Hizo tuzishike kwa mikono miwili.

Lakini kufunga mlango hakulindi kitu. Najua idara moja, sitaitaja, ambako kaseti za hadithi, nyimbo za kazi na mahojiano na manju zimo ndani ya makasha chini ya ngazi. Zilirekodiwa na wanafunzi wa shahada mbalimbali katika miaka ya 1980 na 1990. Nyingine hazina hata kibandiko. Waliorekodiwa wengi wao ni marehemu. Hakuna mgeni aliyeziiba kaseti hizo, wala hakuna mwenyeji anayezitumia. Unyevu na vumbi vinamaliza kazi polepole. Nani atasema kwamba data hizo ziko salama kwa kuwa hazijawekwa wazi? Karatasi za Mombasa zilizokaa London zimewafaa Wakenya kuliko kaseti hizi zilizokaa Kenya. Inauma kukiri, lakini ndivyo mambo yalivyo.

Waswahili wana neno kikoa. Zamani lilimaanisha mlo wa shirika, ambapo kila mmoja huandaa kwa zamu na wote wakala pamoja. Siku hizi wataalamu wa kompyuta wamelitwaa na kulitumia kwa anwani ya tovuti, na sidhani walikosea sana. Kikoa kina adabu zake. Kila mtu anajua leo ni zamu ya nani, na anayekula kila siku bila kuandaa hata mara moja hujulikana. Data huria bila daftari ni kikoa ambacho wapishi hawajulikani, na walaji wakishiba hujiita wapishi.

Basi tufanye nini? Nitapendekeza jambo ambalo halihitaji mfadhili. Kila mtafiti wa Kiswahili, kuanzia mwanafunzi wa uzamili hadi profesa mwenye mvi kama mimi, aandike daftari la data zake kabla ya kuandika sura ya mwisho ya tasnifu. Liwe na mambo matatu. Kwanza, nani alisema, wapi, lini na kwa lahaja gani. Pili, nani alikusanya, nani alinakili na nani alifafanua, wote kwa majina yao iwapo wameridhia kutajwa, hata kama mfafanuzi ni mvuvi wa Vanga ambaye hana cheti. Tatu, masharti ya matumizi: nini kinaruhusiwa, nini hakiruhusiwi, na faida ikipatikana jamii irudishiwe nini. Vyuo vikuu navyo vikatae kupokea tasnifu ya uzamifu yenye data zisizo na daftari, kama vile vinavyokataa tasnifu isiyo na marejeleo.

Kazi ya pili haiwezi kungoja kanuni za chuo. Katika idara zetu na nyumbani kwa walimu waliostaafu kuna kanda ambazo anayeweza kuzitolea maelezo bado yu hai. Anaitambua sauti ya msimulizi, anaukumbuka mwaka, anajua wimbo uliimbwa jandoni au matangani. Ukiwa na mwalimu kama huyo katika eneo lako, mtembelee ukiwa na kaseti, kalamu na daftari. Mwalimu Sikujua alifanya kazi yake Mvita wakati bado kulikuwa na wazee waliomkumbuka Muyaka. Angengoja miaka 20 zaidi, tungebaki na maneno tusiyojua yalisemwa kwa nani.